Helmeti Isiyopwaya: Namna ya Kuchagua Kofia Ngumu ya Pikipiki

Rafiki yangu mmoja alianguka kwenye kona yenye mchanga. Mwendo haukuwa mkali, helmeti alikuwa nayo kichwani, na mkanda aliufunga. Ila kofia yenyewe ilikuwa imemzidi. Aliipenda kwa sababu haikumbana. Alipogonga chini mara ya kwanza ikabiringika kwa mbele na kuchomoka, na mara ya pili kichwa kikakutana na lami kikiwa kitupu. Alilazwa wiki kadhaa, na hadi leo hasikii harufu ya kitu chochote. Mimi ndiye niliyeiokota ile kofia. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue helmeti gani, mimi namuuliza kwanza: kichwa chako kina sentimita ngapi? Wengi hawajui. Namba ya kiatu wanaijua, ya kiuno wanaijua, ya kichwa hawajawahi kuipima. Kwa hiyo tutaanza na kichwa, dukani tutafika baadaye.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni kinga kubwa mno kwa kitu kisichozidi kilo mbili. Ila kuipata kunataka jambo moja: kofia iwe bado ipo kichwani wakati kichwa kinagonga.

Kinachokulinda ni kipi hasa?

Usiruke sehemu hii, maana ukishaielewa utaweza kuikagua helmeti yoyote hata kama hakuna wa kukushauri.

Helmeti ina tabaka tatu. Nje kuna ganda gumu, la plastiki nzito au la nyuzi za kioo au kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Kazi yake ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, kulitawanya pigo lisiangukie sehemu moja, na kuteleza juu ya lami badala ya kung'ang'ania. Ndani kabisa kuna kitambaa na sponji laini. Hiyo ni ya starehe na ya kuifanya kofia ikukae, haizuii pigo hata kidogo. Katikati, mahali ambapo mnunuzi hapaoni, kuna povu gumu la polistirini, la aina ile ile inayofungashiwa televisheni ndani ya boksi, ila lenye msongamano mkubwa zaidi. Hilo ndilo linalookoa maisha.

Kichwa kikigonga chini, fuvu husimama ghafla lakini ubongo ulio ndani bado una mwendo wake. Unajibamiza kwenye fuvu, unavutika, unapindika, na mishipa midogo ya damu inachanika. Povu lile linapobonyea, linakipa kichwa nafasi ya kusimama polepole zaidi kwa umbali wa sentimita mbili au tatu. Tofauti hiyo ya sehemu ndogo sana ya sekunde ndiyo inayoamua mtu anyanyuke au asinyanyuke. Povu likishabonyea haliinuki tena, kwa hiyo hufanya kazi hiyo mara moja tu.

Wazo lenyewe si la kale sana. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, afisa wa Uingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alipata ajali ya pikipiki bila kofia na akafa siku 6 baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns hakuliacha jambo lile lipite. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi, akalinganisha waliovaa kofia na wasiovaa, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Sheria za helmeti tulizo nazo leo zina mizizi kwenye kazi hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua aina

Kofia kamili hufunika kichwa chote pamoja na kidevu. Kofia ya kuinuka ina sehemu ya kidevu inayofunguka kwenda juu. Kofia wazi inafunika masikio na kisogo lakini uso unabaki nje. Nusu kofia inakaa utosini tu.

Msimamo wangu ni kofia kamili, na sababu yake ni kidevu. Dietmar Otte, mtafiti wa ajali wa Ujerumani, alichora mahali ambapo helmeti za watu waliopata ajali ziligongwa, na takriban theluthi moja ya mapigo yalikuwa sehemu ya mbele chini, kwenye kidevu na taya. Kofia wazi haina kitu chochote mahali hapo. Watu huniambia kofia kamili ina joto, nami sikatai, ina joto. Tafuta yenye matundu ya hewa yanayofunguka mbele na kutolea nyuma, na mwendo wenyewe utakupoza.

Ukitaka ya kuinuka kwa sababu unavaa miwani au unasimama mara kwa mara kuzungumza na watu, hakikisha kidevu chake kimepimwa kama kinga. Nitaeleza alama yake mbele kidogo. Na ukishaondoka, kishushe. Kuendesha kidevu kikiwa juu ni kuendesha na kofia wazi iliyolemewa mbele.

Hatua ya pili: pima kichwa

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kichwani ikipita sentimita mbili na nusu hivi juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, hadi pale kisogoni palipotokeza zaidi. Pima mara tatu na uchukue namba kubwa kuliko zote. Kama huna futi, tumia uzi kisha uupime kwa rula.

Pima nywele zikiwa katika hali unayoendeshea kila siku. Anayesuka apime akiwa amesuka, na anayevaa kitambaa chembamba chini ya helmeti apime akiwa amekivaa. Mafundo makubwa ya nywele utosini au kisogoni hayafai kabisa, yanaiinua kofia na kuipa nafasi ya kucheza. Funga nywele chini, usawa wa shingo.

Kwa kampuni nyingi sentimita 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL. Usiichukue orodha hii kama sheria. M ya kampuni moja inaweza kuwa L ya nyingine, kwa hiyo angalia jedwali la ile helmeti unayotaka. Namba yako ikiangukia kati ya saizi mbili, anza kujaribu ile ndogo.

Hatua ya tatu: jua umbo la kichwa chako

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Watu wawili wenye sentimita 58 wanaweza kuwa na vichwa tofauti kabisa: mmoja ana kichwa cha mviringo, mwingine kirefu kutoka paji la uso hadi kisogoni na chembamba pembeni. Mwombe mtu akupige picha kutoka juu, nywele zikiwa zimelazwa. Utashangaa jinsi usivyokijua kichwa chako.

Mwenye kichwa kirefu akivaa kofia ya mviringo, itamfinya paji la uso na kisogo huku pembeni ikiwa wazi. Mwenye kichwa cha mviringo akivaa ya umbo refu, maumivu atayapata panjani, juu ya masikio. Wote wawili kosa lao ni kudhani kofia ni ndogo. Wanapanda saizi, maumivu yanapungua, na wanaondoka na kofia inayopwaya kila upande mwingine. Dawa yake ni kubadili muundo au kampuni, saizi ibaki ile ile.

Hatua ya nne: ivae, na usiwe na haraka

Shika mikanda miwili, moja kila mkono, itanue kwa nje, kisha ingiza kichwa kuanzia mbele kwenda nyuma. Kofia ya saizi sahihi huingia kwa shida kidogo. Ikiingia kama sufuria, iweke chini, usiendelee nayo.

Ikishakaa, tazama kioo. Ukingo wa juu wa uwazi wa uso uwe juu kidogo tu ya nyusi. Kama unaona paji lote la uso, kofia imerudi nyuma au ni ndogo, na paji halina kinga. Mashavu yawe yamesukumwa ndani kidogo, kiasi kwamba ukijaribu kutafuna unaweza kujing'ata. Hali hiyo inawatisha wanunuzi wapya, lakini ndiyo inayotakiwa. Sponji za mashavuni hulegea baada ya saa 15 au 20 za matumizi. Iliyo laini kama mto siku ya kwanza itakuwa inapwaya kabla ya miezi mitatu.

Utosi uguse ndani ya kofia. Mbinyo uwe sawasawa kuzunguka kichwa kizima, kama mtu amekushika kwa viganja viwili imara. Kinachokataliwa ni mahali pamoja panapochoma.

Sasa kaa nayo dakika 20 hadi 30. Muuzaji akikuharakisha mwambie kwa upole kwamba unanunua kitu cha miaka mitano. Maumivu ya paji la uso hayaji dakika ya kwanza; yanakuja ya kumi na tano, kisha yanakua. Ukiivua, angalia ngozi. Wekundu mwepesi ulioenea si tatizo. Alama moja nyekundu kama sarafu katikati ya paji ni onyo: umbo halikufai. Nimewahi kuidharau alama hiyo, nikijiambia kofia italegea yenyewe. Povu gumu halilegei. Niliendesha miezi mitano na kichwa kinachouma, na dereva mwenye kichwa kinachouma haangalii barabara vizuri.

Kama unavaa miwani, ifanyie majaribio hapo hapo. Mikono ya miwani iteleze panjani bila kukunjika na isikuchome.

Hatua ya tano: itikise

Funga mkanda kwanza. Shika sehemu ya kidevu kwa mikono miwili na uizungushe kofia kulia na kushoto huku umekaza shingo. Ngozi ya mashavu na ya paji la uso inatakiwa ivutike pamoja na kofia. Kofia ikizunguka na ngozi ikabaki palepale, ni kubwa. Fanya hivyo hivyo juu na chini.

Kisha jaribio ambalo lingemwokoa rafiki yangu. Inama kidogo, mwambie mtu ashike ukingo wa nyuma wa kofia, pale shingoni, na aivute kwa nguvu kwenda juu na mbele, kama anayetaka kuivua kwa kuipitisha usoni. Mkanda umefungwa, kumbuka. Kofia ikivuka nyusi na kukuziba macho, ujue ajalini itavuka kichwa chote. Iache hapo dukani hata kama ni nzuri, hata kama imeshuka bei, hata kama umeipenda rangi.

Hatua ya sita: mkanda

Ukanda upite chini ya taya, karibu na koo, si juu ya ncha ya kidevu. Ukishafungwa, vidole viwili viingie kwa kubanwa, vitatu visiingie. Ukifungua mdomo sana unatakiwa uhisi kofia ikivutwa chini utosini.

Kifungo cha pete mbili za chuma ndicho ninachokiamini kuliko vyote, kwa kuwa hakina springi wala meno ya kuchakaa, na kila unapokifunga unakirekebisha upya. Pitisha ncha ya mkanda ndani ya pete zote mbili, kisha irudishe kwa kupita kati yake, ndani ya pete moja tu, na uvute. Kale kakifungo kadogo ka plastiki mwishoni ni ka kuzuia ncha isipepee kwa upepo. Wapo wanaofunga hako peke yake na kuondoka, jambo ambalo ni sawa na kutofunga kabisa. Kifungo cha meno kinachokaa kwa kubofya nacho ni kizuri, ila ukague urefu wake kila baada ya wiki chache, kwa sababu mkanda huteleza taratibu na sponji nazo zinapungua.

Hatua ya saba: kagua ubora na usidanganywe na stika

Alama inayokutana na watu wengi zaidi duniani ni herufi E ndani ya duara, ikiwa na namba pembeni yake. Hutachukua muda kuipata: iko kwenye kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda. Namba iliyo kando ya E inataja nchi iliyotoa kibali tu. 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 9 Hispania, 11 Uingereza. Si daraja la ubora, ingawa nimesikia wauzaji wakiiuza hivyo. Soma ile namba ndefu iliyo chini yake. Ikianza na 06, kofia imepita toleo jipya la kanuni ya helmeti ya Umoja wa Mataifa (ECE 22), ambayo ndiyo inayotoa alama hii ya E; toleo hilo limeongeza mapigo ya mwendo mdogo na mkubwa, pamoja na jaribio la pigo la mshazari linalopima jinsi kichwa kinavyozungushwa. Ikianza na 05 ni toleo la awali. Herufi P maana yake kidevu kimepimwa kama kinga. J ni kofia wazi. NP ni onyo kwamba kidevu kipo lakini hakikulindi. Ya kuinuka iliyo nzuri huandikwa P/J.

Alama ya DOT ni ya Marekani. Huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kabla ya kuuza, kisha serikali hununua baadhi ya kofia sokoni na kuzipima. Kwa kuwa ni stika, ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Halisi huwa nyuma ya kofia, na kwa mujibu wa kanuni iliyoanza 2013 inatakiwa iwe na jina la mtengenezaji, muundo, maneno FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED. Herufi tatu za DOT peke yake hazitoshi.

Snell ni taasisi binafsi iliyoanzishwa 1957, mwaka mmoja baada ya dereva wa mbio Pete Snell kufa kwa jeraha la kichwa. Na serikali ya Uingereza ina mpango unaoitwa SHARP, ulioanza 2007, unaozipa helmeti nyota 1 hadi 5. Matokeo yake yako wazi kwenye intaneti bila malipo. Yapitie kabla ya kununua. Utaona kofia za bei ya kawaida zenye nyota nyingi, na za bei kubwa zenye chache.

Baada ya karatasi, tumia mikono. Vuta pembeni kitambaa cha ndani na uguse kilicho chini yake. Unatakiwa ukute povu gumu, zito, lisilobonyea kwa kidole, lenye unene wa sentimita mbili na nusu au zaidi. Ukikuta sponji tu, au plastiki tupu, hiyo ni pambo la kichwani. Pima uzito: kofia kamili nyingi zilizo halali huwa kati ya kilo 1.2 na 1.8, na yenye uzito wa nusu kilo haina kinachoweza kukuokoa. Bonyeza ganda pande zote mbili. Likikunjika kama ndoo, rudisha.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba vipimo vya toleo la 05 huangusha kofia kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, ambao ni kilomita 27 tu kwa saa. Usivunjike moyo. Mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita tatu, na pigo la kichwa mara nyingi hutokana na kile kimo cha kuanguka chini. Mwendo wa mbele mwingi huishia kwenye kuteleza. Ukigonga ukuta au nguzo moja kwa moja ukiwa na kasi, hakuna helmeti inayoweza kuahidi chochote.

Kioo na rangi

Kioo kiwe safi, kisichopinda sura za vitu, na kibaki pale unapokiacha. Cheusi ni cha mchana tu. Kikishakwaruzwa kibadilishe, kwani usiku kila mkwaruzo hugeuza taa za gari kuwa ukungu. Kuhusu rangi, utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa 2004 ulikuta wenye helmeti nyeupe walikuwa na hatari ndogo ya ajali yenye majeraha kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Kama rangi kwako ni sawa tu, chagua ya kung'aa.

Abiria na mtoto

Abiria anaanguka kutoka urefu ule ule unaoanguka wewe, tena haoni kinachokuja. Kofia yake ikaguliwe kama yako. Mtoto anunuliwe ya saizi yake, na asivalishwe ya mtu mzima iliyojazwa taulo, kwa maana itamchomoka na uzito wake unamlemea shingo. Ikiwa hakuna inayomtosha, bado hajafikia umri wa kupanda.

Kuitunza na kuiacha

Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Petroli, tina na rangi za kupuliza hudhoofisha ganda la plastiki bila kuacha alama ya kuonekana, kwa hiyo usiifute kwa kitambaa cha gereji. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki. Ncha ile hutoboa vishimo kwenye povu, siku baada ya siku. Ikikudondoka mkononi ikiwa tupu, mara nyingi iko salama, ila ikague.

Watengenezaji wengi hushauri kuibadilisha baada ya miaka mitano ya matumizi, au takriban saba tangu tarehe ya kutengenezwa, ambayo utaikuta ndani, chini ya kitambaa. Ndiyo maana sishauri mitumba: huwezi kujua imegonga nini. Iliyokuwa kichwani wakati wa ajali imemaliza kazi hata kama haina ufa. Kata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kuitupa, mtu mwingine asije akaiokota na kuivaa.